Aliyeitikia Marahaba

Nyumbani kwangu Kinondoni mtoto hapiti mbele ya mkubwa bila shikamoo. Majirani walilijua hilo, na wenye watoto watundu walikuwa wakiwatisha kwa kuwaambia watawaleta kwangu wakalale wiki moja. Wajukuu wangu hawakuhitaji kutishwa, walilijua tangu wangali mgongoni. Walikuwa wasichana wawili, watoto wa binti yangu, na waliishi na mama yao Bunju, wakati huo Bunju bado mikorosho mitupu na umeme haujafika. Shule zikifungwa waliletwa kwangu, na kabla hawajatua mizigo yao nilikuwa nimekwisha kuwakagua adabu, mmoja mmoja.

Kulikuwa na jambo nililolishikilia kuliko yote. Mkubwa akikuuliza, "Wewe mtoto wa nani?" unajibu, tena unajibu kwa ukamilifu: mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani, nakaa nyumba fulani karibu na msikiti fulani. Ndivyo nilivyolelewa. Mtoto anayeinamisha kichwa na kutafuna ukosi wa gauni akiulizwa, mimi nilihesabu kuwa hana kwao. Mdogo wao, aliyekuwa na miaka tisa, aliwahi kumjibu muuza samaki "sijui", nikambana sikio mpaka akautaja ukoo mzima hadi kwa waliokufa.

Yule mkubwa hakuwahi kunisumbua. Huyo nilimwita mke mwenzangu. Babu yao alikuwa amekwisha kufariki miaka mingi, lakini utani haukumfuata kaburini. Mke mwenzangu alikuwa na miaka kumi na mitatu, amemaliza darasa la saba, anangoja matokeo yake na nyumba nzima inangoja pamoja naye. Ukimtuma dukani alirudi na salamu za mtaa mzima, kwa sababu kila aliyemwuliza alijibiwa na kila aliyejibiwa alimpenda. Mimi nilitembea kifua mbele kwa ajili yake.

Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea ukingoni. Sisi tuliowahi kupanga foleni ya sabuni na kugawana kanga kwa zamu tulikuwa bado tunashangaa kuona kila duka limejaa. Kila kitu ruksa. Televisheni ikaingia, nami nikainunua, kisha nikaiogopa. Niliifunika kitambaa kizito cha kufumwa, na ilipowashwa nilikaa mimi mwenyewe mbele yake, kidole kiko tayari. Wakianza kukumbatiana mle ndani, nilizima, tukaongea habari nyingine. Nilijiona mlinzi hodari. Kumbe nilikuwa nimelinda mlango wa mbele na kuacha wa uani wazi.

Kona ya mtaa wetu palikuwa na duka la familia moja ya Kiarabu, watu waliokuwapo pale kabla ya barabara yenyewe kutiwa lami. Kwa baba wa familia hiyo nilinunua unga na mafuta ya taa. Mwana alipolirithi, akaondoa magunia, akapanga kompyuta nne penye shubaka la vitambaa, na ukutani akaandika kwa rangi nyekundu: INTANETI. Mtaa ukacheka. Alipokuja kunieleza kuwa mtoto anaweza kukaa pale akajifunza kupiga taipu, kusoma na kuandikiana na watoto wa nchi nyingine, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusadiki. Miaka yangu yote ya kazi nilikuwa opereta wa simu katika ofisi ya mawakala wa forodha kule Kurasini, na najua thamani ya mtoto wa kike anayejua kutumia mashine. Nikawapeleka wajukuu kwa miguu yangu. Kwangu kuandika kulikuwa kuandika, na kalamu haijapata kumharibu mtu.

Basi kila siku baada ya kudeki na kuosha vyombo, mke mwenzangu alikwenda pale nusu saa na mdogo wake nyuma. Walirudi wanacheka. Mimi sikuuliza wameandika nini, na mpaka leo hilo linaniuma.

Ilikuwa Jumatatu mchana, tunakula ugali na dagaa, mdogo akaniuliza, "Bibi, Jumatano ukienda darsa, tumwekee mgeni wali?"

Kila Jumatano baada ya Alasiri nilikuwa nikienda kwenye darsa ya akina mama. Nikamwuliza mgeni gani.

"Rafiki yake dada wa kwenye kompyuta. Kasema atakuja ukiwa hupo, maana anakuogopa."

Mke mwenzangu akamkanyaga mdogo wake chini ya meza. Mimi nikaendelea kumega tonge. Sikupaza sauti. Opereta hajifunzi jambo la kwanza ila hilo: ukipaza sauti, mwenzako anakata simu. Nikasema tu kwamba nimefurahi, na kwamba kesho yake ningependa kujulishwa kwa huyo shoga.

Kesho yake tukaenda wote watatu. Mwenye duka akanivutia kiti, nikavaa miwani. Mke mwenzangu alikuwa amenuna kidogo lakini hakuwa na la kuficha, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Akanieleza kuwa walikutana kwenye chumba cha maongezi ambamo Watanzania huandikiana palepale, mtu haoni mtu. Baadaye wakaanza kutumiana barua pepe. Barua zote zilikuwa zimehifadhiwa. Akanifungulia ya kwanza, nikamwambia asiruke hata moja.

Rafiki alijieleza kuwa ni msichana wa miaka kumi na mitatu, naye kamaliza la saba, naye anangoja matokeo. Alikuwa na kitabu cha Kiingereza cha kidato cha kwanza na alitaka kumwazima mwenzake. Maneno mazuri, yamepangwa vizuri. Kisha akauliza: wewe mtoto wa nani?

Na mjukuu wangu, mtoto niliyemlea mimi, akajibu kwa ukamilifu.

Niliisoma barua ile nikaona maneno yangu mwenyewe. Mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani, kwetu Bunju lakini nipo kwa bibi Kinondoni, nyumba yenye mlango wa buluu, ya tatu kutoka msikitini, bibi anaishi peke yake, babu alifariki. Hakuacha kitu. Kila alichoulizwa alikijibu, kwa adabu, kwa mwandiko usio na kosa. Bibi yako anatokaga saa ngapi? Akajibu. Mama yako huja lini? Akajibu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nilimkunja, tena nilimkunja vizuri, ila nilimkunjia upande wa kikaangio.

Hata hivyo hapo sikuwa bado na ushahidi. Watoto ni wadadisi, na inawezekana kweli kulikuwa na binti wa watu mahali fulani, mpweke, anayependa kuulizauliza. Nikarudi kwenye barua ya kwanza ya mjukuu wangu. Mke mwenzangu alikuwa ameianza kama nilivyomfundisha kuanza barua zote anazomwandikia mama yake: Shikamoo. Mazoea yalimponyoka. Nikatazama jibu. Neno la kwanza kabisa lilikuwa: Marahaba.

Nikamwita mwenye duka asogee aone, naye akaona.

Asiyezaliwa kwetu anaweza kudhani neno lile ni dogo. Jaribu kumpa shikamoo mtoto wa rika lako. Atacheka, atakutukana, atakuuliza lini amekuzaa. Mtoto wa miaka kumi na mitatu haitikii marahaba kwa mwenzake, hana mazoea nayo, labda kwa vitoto vidogo vya jirani. Marahaba haifikiriwi. Humtoka mtu mwenyewe, kama anavyopokea kitu alichorushiwa. Huyu aliyeandika alipewa shikamoo, na kabla hajakumbuka kuwa yeye ni binti, akaipokea.

Nikasoma zilizobaki kwa jicho jingine. Mara nne aliulizia habari zangu: bibi anatoka lini, bibi anarudi lini, bibi anaona vizuri, bibi ni mkali. Hata mara moja hakusema, "Mpe bibi shikamoo yangu." Niambie mtoto gani wa mjini hapa anayeulizia bibi wa mwenzake mara nne bila kumpa salamu.

Mke mwenzangu akasema ulikuwa utani tu. Nikamwambia mtoto akitania hucheka, huyu kaitikia akaendelea na safari. Akaanza kulia pale pale kwenye kiti. Akasema ninamwonea rafiki yake, kwamba sikuwahi kumwona, kwamba mimi kila mtu kwangu ni mwizi, na kwamba Jumatano atakuja na nitaona haya. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alinijibu kwa ukali, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kusikia kuwa anaweza.

Ningeweza kulifunga jambo siku ile. Ningewapandisha gari wakarudi Bunju, mwenye duka angezima mashine zake, na kwisha. Lakini yule mtu angebaki na mlango wangu wa buluu kichwani mwake, na mjukuu wangu angebaki na rafiki aliyenyang'anywa na bibi mwenye wivu. Mtoto wa namna hiyo humtafuta rafiki yake kwa njia nyingine. Nikaamua kwamba Jumatano sitoki, na kwamba huyo mgeni atapokewa.

Nikampa mke mwenzangu ahadi mbele ya mwenye duka. "Akija binti, nitampikia vitumbua, na nitakuomba radhi mbele yake. Mie sisemi uongo."

"Na asipokuwa binti?"

"Utamwona mwenyewe. Lakini utamwona ukiwa ndani, na mie niko mlangoni."

Jioni ile nilikwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, mwanamume mzima, fundi seremala, asiyejua kompyuta ni nini. Nilipomweleza habari za marahaba, hakutaka maelezo zaidi. Akauliza saa ngapi.

Jumatano nikaloweka hamira na kukaanga vitumbua kweli, kwa sababu ahadi ni ahadi, na kwa sababu moyoni nilikuwa bado naomba niwe mjinga. Ningelipenda sana siku ile kuaibika. Mdogo nilimpeleka kwa jirani. Mke mwenzangu nilimweka chumbani kwangu pamoja na mke wa mjumbe, nyuma ya pazia, dirisha linalotazama uwanja. Mjumbe na mwenye duka walikaa ukumbini wakishika kete za bao bila kucheza. Mimi nikakaa kwenye mkeka nyuma ya mlango wa mbele, nimeusindika tu, sahani ya vitumbua ubavuni.

Adhana ya Alasiri ikapita. Watu wakatoka msikitini, mtaa ukatulia. Kisha nikasikia viatu, viatu vya mtu mzima, vikija taratibu hadi kibarazani, vikasimama.

Sikusikia hodi. Jambo hilo nalo silisahau. Nyumba za kwetu hata mwenye deni hupiga hodi, hata mpelelezi. Mtu huyu alikuwa anajua ndani kuna mtoto tu, na kwa mtoto hakuona haja ya hodi. Aliita jina la mjukuu wangu, kwa sauti ya chini, mara mbili.

Nikauliza kama nilivyouliza kila siku kwa miaka yangu yote kwenye simu. "Nani mwenzangu?"

Nikauvuta mlango. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, kanyoa vizuri, shati limepigwa pasi, mkononi mfuko wa nailoni. Kupitia nailoni nilikiona kitabu, kitabu cha Kiingereza kama alivyosema. Alikuwa na uso wa mtu unayeweza kumpa kiti.

Akanitazama, na adabu yake ikamponyoka kama ilivyomponyoka kwenye barua. "Shikamoo, mama."

Mimi tangu nilipoanza kuwa mkubwa wa mtu sijawahi kuacha shikamoo. Nimewaitikia walevi. Nimewaitikia watu waliokuwa wamenitukana jana yake. Shikamoo ikitolewa lazima ipokewe, vinginevyo umemwambia mwenzako kuwa si mtu. Ya yule bwana niliiacha hapo kizingitini. Nilimtazama machoni nikaiacha, naye akangoja, na kadiri alivyongoja ndivyo alivyojua.

Akasema amepotea nyumba. Nikamwambia nyumba hii ni ya tatu kutoka msikitini, mlango wa buluu, hajapotea. Mjumbe akatoka ukumbini, mwenye duka akazunguka kwa uani akasimama nyuma yake. Hakukuwa na purukushani. Wakamwambia waandamane naye kituoni kwa miguu, na mwenye duka alikuwa amekwisha kuzichapa zile barua zote kwenye karatasi, amezibana kwapani. Nasikia njia nzima yule mtu alisema yeye ni mtu wa heshima. Mimi nilikwenda kutoa maelezo kesho yake, na wiki iliyofuata, na nyingine tena, hadi waliponiambia, "Mama, kaa nyumbani, tumelishika." Sikukaa. Nilikwenda mpaka niliposomewa kuwa kesi imefunguliwa.

Lakini siku ile, walipoondoka, niliingia chumbani. Mke mwenzangu alikuwa bado kasimama dirishani, mkono uko kwenye pazia. Hakulia. Aliniuliza swali moja.

"Bibi, si ulisema mkubwa akiuliza nijibu?"

Nilitaka kumwambia kuwa hayo ni mambo mengine. Badala yake nilikaa kitandani nikamwita akae, nikamwambia ukweli: kwamba nilikosea. Kazini kwangu Kurasini nilikuwa simwambii mtu yeyote bosi yuko wapi mpaka nijue ni nani anayeuliza. Awe waziri, awe mwenye meli, nilimwuliza kwanza, "Nani mwenzangu?" na asiyejitaja alibaki kwenye laini mpaka achoke. Bosi wa watu nilimlinda hivyo. Wajukuu wangu niliwafundisha kufungua mlango. Nililia mimi, na yeye ndiye aliyenifuta.

Vitumbua vilikuwa vimepoa. Mwenye duka aliporudi alivila vyote kwa hasira, akiapa kufunga biashara. Nikamkataza. Nikamwambia asizipeleke mashine zile popote, ila azigeuze, vioo vitazame mlangoni, ili kila anayepita aone mtoto anaandika nini. Akazigeuza siku ileile. Nami nikaanza kwenda na wajukuu, na kiti changu, na ufumaji wangu. Nilijifunza kupiga taipu kwa vidole viwili. Tukaweka utaratibu wetu wa nyumbani: mashine ni nyumba ya watu, na anayekuja lazima apige hodi. Ajitaje kwanza yeye, na atajwe kwangu. Asiyetaka kutajwa kwa bibi hana shida na sisi. Na swali linaweza kuachwa chini, lisijibiwe. Hilo la mwisho lilinitoka kwa taabu, nikalirudia kila siku mpaka nikalizoea.

Mdogo aliushika utaratibu upesi mno, akaanza kumtaka hata paka ajitaje. Mke mwenzangu alikuwa mzito. Alikuwa haniulizi wala hanijibu sana, na kila akiketi mbele ya kompyuta mikono yake ilikaa mapajani. Niliogopa kwamba nimemponya kwa yule mtu na kumharibu kwa wengine wote. Mtoto aliyekuwa akirudi dukani na salamu za mtaa mzima sasa alipita kimya, akitazama vidole vya miguu yake.

Likizo ikaisha. Mama yao aliniomba niwafikishe Mwenge, yeye atatupokea hapo. Tulikuwa tumesimama karibu na wachonga vinyago, vumbi la mpingo likitupanda miguuni, mzee mmoja wa kanzu safi akaja akasimama kando yetu. Alikuwa mzee wa kawaida kabisa, wa aina yangu. Akamtazama mke mwenzangu akatabasamu.

"Wewe mtoto wa nani?"

Nikamwona mjukuu wangu akinyanyua uso. Kwanza akatoa shikamoo, tena kwa magoti kukunjika kidogo kama nilivyomfundisha. Mzee akaitikia. Kisha mtoto akasema, kwa upole, bila kutetemeka, "Nani mwenzangu, baba?"

Mzee alishtuka. Akanigeukia mimi, mkubwa mwenzake, akingoja nimbane sikio. Zamani ningelibana yote mawili.

"Mjibu, baba," nikasema. "Mtoto amekuuliza."